Karatasi Nipeni Mimi

Mara ya kwanza kumwona Karani nilidhani ni mwizi. Ilikuwa kwenye matanga ya baba mkwe wangu, Kendu Bay, na watu walikuwa wamekwisha kula. Wazee walikuwa wamekaa kugawa nguo za marehemu, koti hili la fulani, kofia ile ya mjukuu. Yeye alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri chini ya kwapa, mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa. Alingoja hadi viatu vya mwisho vikapata mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Nguo gawaneni. Karatasi nipeni mimi."

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi, mke mgeni wa boma. Mama mkwe aliingia chumbani akatoka na mkebe wa biskuti. Ndani mlikuwa na barua, kadi ya ubatizo, cheti cha shule, na picha mbili za watu waliosimama wima kama wanaotishwa. Karani aliupokea kwa mikono miwili. Halafu akamnong'oneza mama mkwe jambo, na yule mama, machozi bado mashavuni, akang'ata ukingo wa leso yake, akachana kipande chembamba akampa. Nikajiambia, haya, huyu ni mganga.

Hakuwa mganga. Alikuwa karani mstaafu ambaye hakosi matanga, na ambaye kwa sababu hiyo watu walimpenda kwa mbali. Jirani yetu mmoja alipokuwa mgonjwa alimwona akipita njiani akielekea sokoni, akajikokota mpaka dirishani na kupaza sauti, "Bado! Bado nazitumia!" Karani akamwinulia kofia, akaendelea na safari yake. Yule jirani aliishi miaka mingine mingi, na alisema ni hasira iliyomponya.

Namwandika kwa sababu nilimkosea, na kosa langu nusura limnyime mama yangu shamba. Siku hizi naweza kulisimulia huku nikicheka. Kuna wakati nisingeweza.

Sitasema alizaliwa lini, maana yeye mwenyewe hakuwa na karatasi ya jambo hilo. Mtu aliyetunza kadi za ubatizo za nusu ya tarafa hakuwa na yake. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa Januari mosi, kama vitambulisho vya wazee wengi, naye alikuwa akikitazama na kutikisa kichwa. "Karani aliyeandika hii alikuwa mvivu," alisema. Ukimuuliza kama si yeye mwenyewe aliyeiandika ile fomu, alianza kuzungumza juu ya mvua.

Enzi Migori na Homa Bay zilipokuwa bado wilaya moja, alifanya kazi ya kuandika vikao vya wazee upande wa Uriri: mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe waliopotea, nani alimtukana nani kwenye kisima. Kila kikao alikiandika mara mbili. Nakala moja ilikuwa ya ofisi. Nyingine aliiita "ya baada ya mchwa," kwa kuwa alijua nani atakuja kuila ile ya ofisi. Alipostaafu alirudi kwao Kendu Bay na masanduku matatu ya bati yaliyojaa nakala za baada ya mchwa, na kwa kuwa hakujua kustaafu, akaanza kukusanya na karatasi za watu binafsi.

Masanduku yalikaa chumba cha nyuma, juu ya matofali, na matofali juu ya majivu. Hukuingia mle bila kunawa. Nje ya mlango palikuwa na karai, jagi na kipande cha sabuni, na hata angekuja waziri angenawa. "Mikono," alisema tu, bila kukutazama. Alipenda omena, dagaa wa ziwani, kuliko chakula chochote, lakini alikula nje kwenye ubaraza, hata mvua ikinyesha, sahani magotini, kwa kuwa mafuta ya samaki na karatasi kwake walikuwa maadui wa kufa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Dani, yaani bibi, alikuwa akianika omena kwenye neti nyuma ya jikoni, na upepo ukigeuka kuelekea chumba kile, ilimbidi ahame na neti yake. Alihama kila mara. Alihama akinung'unika.

Dani alikuwa na jambo moja ambalo hakumsamehe. Ule mwaka ziwa lilipopanda na maji yakaingia kwenye nyumba za chini, Karani alibeba masanduku kwanza, moja moja, akayapeleka kanisani. Aliporudi mara ya nne, kuku walikuwa wamekufa maji. "Kuku kumi na mmoja," Dani aliniambia, na nilipomsikia akilisimulia tena mwaka uliofuata walikuwa kumi na wanne. "Akaniambia kuku wataanguliwa wengine. Nikamwuliza, na mimi? Mimi pia nitaanguliwa?"

Kulikuwa na mambo yake mengine ambayo hayakupatana. Aliwakemea watu kwa kukunja karatasi, lakini miwani yake mwenyewe ilikuwa imefungwa kwa uzi wa nyavu na kioo kimoja kilikuwa na ufa. Alisema yeye ni mtunzaji, si msomaji, na kwamba barua ya mtu si ya kusomwa na jirani. Hata hivyo alijua kila kilichokuwamo. Siku moja mhubiri alisema kanisani kwamba mzee fulani alibatizwa akiwa mtoto mchanga, na Karani, aliyekuwa amesinzia benchi la nyuma, akasema bila kufumbua macho, "Alikuwa na ndevu." Kanisa zima likacheka, mhubiri naye. Lakini siri za kweli, zile zinazovunja nyumba, hakutoa hata moja. Nimejaribu kumchokonoa mara nyingi. Unapata chai na unapata habari za mvua.

Niliwahi kuwa pale alipokuja mwanamke kutoka mpakani mwa Tanzania, akitafuta barua ambayo baba yake aliiandika akiwa kazini mbali, kabla hajapotea. Karani hakumwuliza jina la baba. Alimwuliza, "Mama yako alitoka wapi?" Yule mwanamke akajibu. Karani akaingia chumbani na kutoka na barua kwa muda ule ule ambao mimi ningetumia kutafuta kalamu. Yule mwanamke aliisoma amesimama, akaketi chini kwenye nyasi, akaisoma tena. Nilikuwa nimeliona jibu la kila kitu kwa macho yangu siku ile, na nikalipita.

Sasa niseme kosa langu. Nimesomea utunzaji wa kumbukumbu, na ninafanya kazi hiyo Homa Bay. Ofisi ilipata wazo zuri la kuorodhesha karatasi za familia zilizo mikononi mwa watu kabla hazijaoza, na mimi nikamtaja Karani. Nilienda kwake na faili mpya ishirini na sita, kila moja na herufi yake mgongoni, A mpaka Z. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Aliniruhusu. Sijui kwa nini aliniruhusu, labda kwa sababu nilikuwa nimenawa vizuri. Kisha akaenda Kisumu kutibiwa macho, akaniachia ufunguo.

Nilifungua masanduku mawili. Karatasi zilikuwa mabunda mabunda, na kila bunda lilifungwa kwa kipande cha kitambaa, kingine cha maua, kingine cha mistari, kingine kimepauka hata huoni rangi. Hapakuwa na jina lolote juu. Nikasikitika, nikasema maskini, hakufundishwa. Nikafungua vitambaa vyote, nikavijaza kwenye mfuko na kumpa Dani awashie jiko, nikaanza kupanga karatasi kwa jina la mwenyewe, kufuata alfabeti, kama nilivyofundishwa.

Mjaluo anayesoma hapa ameshaanza kucheka. Wanaume wetu wengi ni Otieno, Onyango, Odhiambo, Okoth, Ouma, Ochieng'. Wanawake ni Atieno, Anyango, Adhiambo, Akoth. Siku ya pili faili ya O ilikataa kufunga. Nikafanya O ya kwanza na O ya pili. Kufikia Ijumaa nilikuwa na O ya saba, A ya tano, kikaratasi kimoja ndani ya J, na X ikiwa safi kama nilivyoinunua. Sikusimama kufikiri. Nilikuwa na ratiba.

Karani alirudi na miwani mipya, akanawa, akaingia, akatazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mzee."

"Haya. Nitafutie Otieno."

"Otieno yupi?"

"Mimi ndio nakuuliza wewe."

Akaketi juu ya sanduku.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "hapa Kendu watu wanakuita nani?"

"Nyar Uriri." Mke kwetu huitwa kwa alikozaliwa, binti wa mahali fulani, na mimi nilizaliwa Uriri.

"Nyar Uriri wako wangapi kwa boma ya mume wako?"

"Ni mimi tu."

"Na Otieno?"

Nikaanza kuhesabu: mume wangu, marehemu baba yake, shemeji wawili, mtoto wa shemeji. Nikaacha.

"Hiyo kitambaa uliona," akasema, "nilipewa na mama wa kila boma, kutoka leso yake. Hiyo ndio ilikuwa jina. Mimi nikiona kitambaa najua huyu ni nyar wapi, na nikijua huyo, najua bwana, najua watoto, najua shamba iko wapi. Iko wapi vitambaa yangu?"

"Nilimpa Dani awashie jiko."

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Aliangalia ile foleni ya O, akatoa miwani, akaipangusa, akairudisha usoni, na akasema tu kwamba inaonekana mvua itanyesha. Nilimwomba nizipange upya. Akauliza, "Utapanga kwa kujua nini?" Niliondoka pale nikijiona mdogo kama punje ya wimbi. Ofisini niliandika ripoti kwamba kazi inaendelea. Kwa miaka miwili sikupita njia ya kwake, na nilipomwona mbali kwenye matanga nilijificha nyuma ya akina mama wa kupika.

Nilisikia amepatwa na kiharusi. Hata hapo sikwenda. Hilo linaniumiza kuliko zile faili.

Ndipo mama yangu aliponipigia simu kutoka Uriri. Baba alikuwa amefariki zamani, na binamu yake sasa alikuwa amepiga vigingi kwenye shamba la chini, lile linaloshuka mpaka kwenye kijito, akisema baba aliazimwa tu. Shamba lile ndilo linalomlisha mama. Mahindi yake, sukuma yake, njugu zake, kila kitu kiko pale. Kipande cha juu ni mawe. Naibu wa chifu alikuwa ameita kikao Alhamisi ya wiki iliyofuata. "Mama, leta karatasi," alimwambia. "Bila karatasi mimi nitaandika vile wengi watasema." Nakala ya ofisi ilikuwa imeshaliwa na mchwa, kama ilivyotabiriwa.

Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Wazee walikaa, babu yenu akampa baba yako hiyo shamba mbele ya watu," alisema. "Karani aliandika. Si Karani yuko huko kwenu? Twende atupe."

Baba yangu alikuwa Otieno.

Tulikwenda siku ya Jumanne. Nilimweleza mama njiani, kwa kuwa sikuweza kumwacha aingie mle na uso wa furaha ule. Nilimwambia habari za faili na vitambaa na jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaangalia nje.

"Kwa hivyo ulichoma leso yangu," akasema.

Sikujua kama yeye pia alikuwa ametoa kipande. Nilitamani ardhi inimeze.

Dani alikuwa nyuma ya jikoni akigeuza omena. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Kumbe unajua njia," akasema. Kisha akamwamkua mama kwa heshima na kutuingiza ndani.

Karani alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Shati lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu, na niliona kwamba aliyelifunga hakuwa yeye, kwa sababu lilikuwa limekaa sawa kuliko alivyozoea kulifunga. Akanikazia macho.

"Huyu ni yule wa O," akasema. Maneno yalitoka polepole, upande mmoja wa mdomo.

"Ndiyo, Mzee. Nisamehe." Nilipiga magoti bila kupanga kupiga magoti. Nilianza kueleza habari za baba, jina lake, la babu, mwaka wa kikao, nikichanganya maneno. Uso wake haukuonyesha kitu. Otieno gani, shamba gani. Nikaona imekwisha, mama atalima mawe kwa sababu yangu.

Ndipo mama, aliyekuwa amebaki mlangoni akivua viatu, akaingia.

Karani akajaribu kusimama. Hakuweza, lakini alijaribu.

"Nyar Kisegi," akasema.

Mama amezaliwa Kisegi, kule Suba, ng'ambo yote ile. Uriri nzima haina mwingine.

"Ni mimi, Karani," mama akajibu. "Umezeeka."

"Na wewe." Akageuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma. "Sanduku la pili. Upande wa dirisha. Mama achukue."

Dani alifungua mlango, na mimi nikachungulia nikiwa nimesimama nje ya kizingiti, maana sikuthubutu zaidi. Masanduku yalikuwa wazi. Yalijaa mabunda, kila bunda na kitambaa chake, maua, mistari, rangi zilizopauka, yamepangwa kama yalivyokuwa siku nilipoyakuta. Faili zangu zote zilikuwa zimetandikwa chini ya matofali kuzuia unyevu. X ilikuwa juu.

"Dani," nikasema, "si nilikupa hivyo vitambaa uchome?"

"Mimi nichome leso ya watu?" Aliniangalia kama aliyeulizwa kama anakula watoto. "Nguo ya mtu mzima unaiweka kwa moto uone nini? Hiyo ya bluu ni ya rafiki yangu, tulimzika. Hiyo ya maua ni mama mkwe wako. Nilificha mfuko kwa kikapu ya omena, nikangoja mzee aache kununa." Akashusha sauti. "Halafu akagonjeka. Basi kila Jumamosi nikishaanika, tunakaa. Yeye anaangalia karatasi, anasema hii ni ya nyar fulani, mimi natafuta kitambaa. Yeye mkono moja, mimi mbili. Tumemaliza mwezi uliopita."

"Alikuwa anakumbuka zote?"

"Zote. Kuku ndio hakumbuki walikuwa wangapi."

Kutoka kwenye kiti chake Karani akasema, "Saba." Dani akajifanya hakusikia.

Mama alinawa, akaingia, akainama juu ya sanduku la pili. Alitoka na bunda dogo lililofungwa kwa kipande cha manjano chenye vitone vyeusi. Hakulifungua. Alikisugua kile kitambaa kati ya vidole viwili, kama anavyopima unga.

"Hii leso ndio nilikubebea," akaniambia. "Ulikuwa mgongoni siku hiyo ya kikao. Karani akaniomba kipande, nikachana upande wa miguu yako."

Alhamisi, kikao kilimalizika kabla chai haijachemka. Karatasi ilisomwa, kuanzia kijito mpaka barabara, na alama za vidole gumba za wazee zilikuwa pale, ya babu ikiwa ya kwanza, na yule binamu mwenyewe aling'oa vigingi vyake jioni ile. Lakini Alhamisi naikumbuka kwa shida. Ninachokikumbuka ni Jumanne, mama amesimama katikati ya chumba na lile bunda, na mimi ambaye nilikuwa nimebeba jiwe kifuani kwa miaka miwili, ghafla silioni tena. Machozi yalikuwa yananitoka. Nikanyoosha mikono nilipokee.

"Mikono," akasema Karani, bila kunitazama.

Nikatoka nje kwenye karai. Dani akanifuata na jagi, akanimiminia maji, nami nikanawa, nikapaka sabuni, nikanawa tena. Mikono ilikuwa imeshatakata zamani, lakini nilikuwa bado ninacheka na kulia kwa pamoja, na Dani aliendelea kumimina mpaka maji yakaisha.